Kasha na Meza

Kwa miaka mingi sebule ya mwalimu mmoja wa Mombasa ilikuwa na makochi manne wala haikuwa na meza katikati. Mgeni aliyeletewa kahawa alikishika kikombe mkononi mpaka kahawa ikaisha, au alikiweka sakafuni karibu na mguu wake, na watoto wakapita hapo hapo. Upungufu haukuwa wa fedha. Mwalimu alikwisha kataa meza tatu mpya, mbili za kioo na moja ya mbao za kubandikwa, kwa sababu nia yake ilikuwa juu ya kasha.

Asili ya nia hiyo haikujulikana na wengi. Mwaka 1985 mama yake aliuza kasha la msaji, lenye misumari ya shaba na droo tatu chini, ili binti alipiwe ada ya shule ya sekondari. Binti alirudi jioni akakuta alama nne za miguu sakafuni, na nguo zimekunjwa juu ya mkeka. Mama hakulitaja kasha tena. Binti alisoma, akafundisha, akajenga. Na kadiri alivyofanikiwa ndivyo alama zile nne zilivyozidi kumwandama. Aliona kuwa kasha la zamani likiwekwa katikati ya sebule litafaa kuwa meza, na papo hapo deni la zamani litakuwa limelipwa.

Makasha ya namna hii yalifika pwani kwa majahazi, mengi kutoka Bara Hindi, na katika karne ya 19 yalikuwa fahari ya nyumba zenye uwezo. Yalitunza nguo, vito na hati. Meza hayakuwa. Kahawa ya pwani ilikuwa na mdila wake, sinia lake na vikombe visivyo na mikono, na wanywaji walikaa barazani au juu ya jamvi, ambako meza haina kazi. Meza fupi ya kuwekwa mbele ya makochi ilienea Ulaya na Marekani katika karne ya 20. Ile mashuhuri ya Isamu Noguchi, kioo kilicholazwa juu ya vipande viwili vya mti vyenye umbo moja, ilianza kuuzwa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1947. Basi ni chombo kichanga kuliko watu wengi wanavyodhani. Lakini makochi yakishaingia nyumbani huidai meza yao, na dai hilo ni la haki.

Jumamosi moja mama na binti walikwenda Mji wa Kale, katika duka la vyombo vya zamani. Binti alichukua uzi wenye fundo la kipimo cha kiti chake, sentimita 43, maana meza ya sebuleni yapasa kulingana na kiti au kupungua kidogo. Ikizidi hugonga magoti, ikipungua mno humwinamisha mzee. Alichukua na sumaku ndogo. Shaba haivutwi na sumaku, bali chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa mara moja, na hila hiyo imewapata wanunuzi wengi.

Kasha lilikuwapo. Sumaku haikushika hata msumari mmoja. Droo zilikuwa zimelika chini, upande mmoja kuliko mwingine, kama ziendavyo droo zilizovutwa na mikono ya watu na siyo na msasa wa fundi. Binti akashusha uzi wake: fundo likakaa sawasawa na kifuniko. Furaha ilimzidi, akaanza kuuliza bei.

Mama, aliyekuwa amepewa kiti, aliinama polepole akapitisha kiganja chini ya mguu mmoja, kisha wa pili.

"Hili limekatwa miguu," alisema.

Ilikuwa kweli. Chini ya kila mguu mti ulikuwa mweupe, na meno ya msumeno yalionekana bado. Mwenye duka hakukana. "Bibi, wanunuzi wa siku hizi hulitaka liwe meza," alisema. "Likiwa refu haliuziki."

Binti akamwuliza mama yake, kwa sauti ya chini, kama ndilo lile lao. Mama akasema silo. Lao lilikuwa na ufa katika kifuniko. Kisha akauliza kasha hili litafunguliwaje, na vikombe vitakuwa juu yake. Binti hakuwa na jibu. Hapo ndipo alipotoa yote aliyoyaficha kwa miaka arobaini, habari ya alama nne na ya deni, mbele ya mwenye duka, ambaye kwa adabu alikwenda kufuta vumbi mahali pasipo vumbi.

"Mwanangu," alisema mama, "niliuza kasha usome. Umesoma. Unataka kunirudishia nini?"

Walikaa kimya kwa kitambo. Nyuma ya kasha, chini ya taa mbili zilizovunjika, palikuwa na meza ya mvule isiyo na nakshi. Binti aliipindua. Maungio yake yalikazwa kwa vigingi vya mti, na upande wa chini alama za randa zilionekana wazi, kwa kuwa seremala hakuona haja ya kulainisha pasipoonekana. Ilisimama bila kutikisika. Juu yake palikuwa na duara jeusi, mahali ambapo mtu fulani wa zamani aliweka chombo cha moto kabla ya kuwaza. Ilipungua fundo kwa vidole viwili.

Bei ilijadiliwa kidogo, wakaafikiana. Mwenye duka aliahidi kuliondoa duara lile kwa msasa kabla ya kuipeleka meza nyumbani. Mama alimwambia aliache, kwani hapo ndipo mdila utakapokaa.