Pua, Mkia na Kidole Gumba

Lubondja, Jumamosi, 12 Novemba 2022

Mvua ilikatika saa tisa, betri za sola zikapata chakula, mwenye chumba cha michezo akawasha PlayStation 2. Wenzangu wote wanataka mpira. Mimi nimeomba zamu ya Gran Turismo 4, mchezo uliotoka Japani mwishoni mwa 2004 ukiwa na magari zaidi ya 700. Sijaona hapa diski nyingine inayojali matairi kiasi hiki.

Tumechukua Toyota Altezza RS200: injini mbele, lita 2, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Ukivuka ziwa kwenda Tanzania unazikuta Altezza za kweli barabarani. Uwanja ni Tsukuba, kama kilomita 2 tu kwa mzunguko, na nimeupenda kwa ufupi wake, maana kona iliyokushinda inarudi ungali unakumbuka ulifanya nini.

Mdogo wangu akashika manete, kile kidhibiti cha kuchezea, akafika kona ya kwanza na kasi yote, akabana breki na kukata kwa pamoja. Pua ikakataa, gari likaenda moja kwa moja kwenye changarawe.

“Kaka, gari hii haikati!”

Alitaka tununue turbo. Nimemkatalia. Turbo ingemfikisha kwenye changarawe ile ile mapema zaidi. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani, na breki, kona na mafuta vyote vinachota humo humo. Ukiumaliza wote kwenye breki, wa kukatia kona unautoa wapi? Nimemwambia abane breki gari likiwa bado limenyooka, kisha aiachie polepole kadiri anavyozidi kukata, ili uzito ubaki mbele na pua ikamate.

Jumatatu, 14 Novemba

Leo nimerudi kutoka Fizi kwa Land Cruiser iliyojaa magunia ya mihogo mpaka nyuma kabisa. Nimekaa mbele. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu nilimtazama dereva miguu, si mikono. Aliachia mafuta mapema, akarudisha gia, akagusa breki, akaiachia. Akasubiri kidogo. Ndipo akazungusha usukani, robo tu, na gari zima likageuka bila kelele.

Nikamuuliza, “Papa, mbona hukukata mapema?”

“Mbele ilikuwa nyepesi, mwanangu. Magunia yote yako nyuma. Ningekata pale ingekwenda tu mbele.”

Ni kona ya kwanza ya Tsukuba hiyo hiyo, isipokuwa hapa hakuna changarawe ya kukupokea, kuna korongo. Watu wazima wa hapa wanasema michezo hii inawapotezea vijana muda. Mimi naona kijana aliyekwisha kuelewa uzito unavyohama ndani ya gari atakuwa mwanafunzi mzuri wa dereva huyu, na madereva wa namna yake tunawahitaji sana katika njia zetu.

Alhamisi, 17 Novemba

Siku ya manete. Ile halisi ya PlayStation 2 ina vitufe vinavyohisi nguvu ya kidole: ukibonyeza kitufe nusu, gari linapata mafuta nusu. Za kuiga mara nyingi hazihisi. Ni yote au hapana, na kwa gari linalosukumwa kutoka nyuma hiyo inatosha kuuzungusha mkia. Katika chumba chetu manete halisi ni moja, imechakaa, lakini kitufe chake bado kinatii. Nimeiomba hiyo, nimekubali kusubiri zamu.

Kisha mipangilio. Tumenunua springi na shokapu za kurekebisha kwa pesa za mashindano, tukaacha injini kama ilivyotoka kiwandani. Springi za mbele nimezilegeza kidogo, pua ikaanza kuingia. Tairi la mbele nimelilaza kwa ndani upande wa juu, ili gari likiinama kwenye kona lile la nje likanyage barabara kwa upana wake. Jambo ninalolishikilia kuliko yote: badilisha kitu kimoja, zunguka, sikiliza. Rafiki yangu hubadilisha vitano kwa mkupuo, gari likiboreka hajui limeboreshwa na nini.

ASM, ule msaada unaolizuia gari lisizunguke, nimeuzima. Unaingilia kabla kidole hakijapata nafasi ya kujifunza.

Jumapili, 20 Novemba

Kombe la Dunia limeanza Qatar, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Chumba kimejaa hadi mlangoni, Ecuador 2, Qatar 0, mabao yote mawili ya Enner Valencia. Tulipata televisheni mchana tu.

Huo mchana ulitutosha. Mdogo wangu sasa anaingia kona ya kwanza vizuri kuliko mimi. Tatizo limehamia kona ya mwisho, ile ndefu ya kulia baada ya mnyooko: akirudisha mafuta katikati yake, mkia unatoka. Yeye anailaumu difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Mimi nimetazama kidole chake: kinashuka vizuri mpaka nusu, halafu kinaruka chote. Hata hivyo upande wa nyuma ni mgumu mno, hilo nakubali naye.

Kadi ya kumbukumbu ameiweka mwenye chumba. Tukipata zamu tena, tunapunguza stabilaiza ya nyuma, ile inayolikaza gari lisilale kwenye kona, kwa namba moja, springi haziguswi, difu haiguswi, na manete anashika yeye.