Kabla ya Barua ya Kujieleza

Katika ofisi nyingi nilizopitia, kitu kikipotea, anayetafutwa kwanza ni mtu. Jalada halionekani masjala: nani alilichukua mara ya mwisho? Hesabu hazilingani: nani alizijaza? Siku hizi kazi zetu nyingi zimehamia kwenye barua pepe, na tabia hiyo imehama nazo. Aya ikikosekana kwenye ujumbe, basi aliyeandika ni mzembe, na kinachofuata kila mtumishi wa umma anakijua: barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu.

Kazi yangu ni TEHAMA, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya hapa Kiomboi, mkoani Singida. Nimeona barua za namna hiyo zikiandaliwa kwa kosa ambalo hakuna binadamu aliyelitenda. Nitasimulia kisa kimoja, kwa sababu kimenifundisha namna ya kuishi na watu kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Afisa ugani mmoja wa kata, binti ambaye hakuwa na muda mrefu kazini, alitakiwa kupeleka taarifa ya mahitaji ya mbegu za alizeti. Asiyeijua Singida huenda asione uzito wa jambo hilo. Kwetu alizeti ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, na mvua tunapata za msimu mmoja tu. Zikianza kunyesha mwishoni mwa mwaka hazimsubiri mtu ajaze fomu. Taarifa ikatumwa kwa wakati. Aya ya kwanza ilikuwa salamu na utangulizi, ya pili majina ya vijiji na kilo zinazohitajika kila kijiji, ya tatu shukrani. Mkuu wake akapokea salamu na shukrani. Katikati hapakuwa na kitu.

Akamwagiza atume tena. Akatuma tena, ikafika vilevile. Binti akafungua laptopu yake kuonyesha kwamba ameandika kila kitu. Mkuu akainua simu yake kuonyesha kwamba hajapata chochote. Kila mmoja akaanza kumwona mwenzake mwongo. Jambo liliponifikia, rasimu ya barua ya kujieleza ilikuwa imeshachapwa.

"Kaka, mimi nimeandika," binti aliniambia kwenye simu, sauti ikimkwama. "Haki ya Mungu nimeandika."

Nikaenda kwa mkuu wake. "Shikamoo mzee. Naomba niione hiyo simu yako." Akanikabidhi bila neno. Kioo kilikuwa cheusi, maandishi meupe. Alikuwa ameiweka hivyo kwa sababu mwanga mkali unamuumiza macho. Kati ya salamu na shukrani palikuwa na nafasi tupu ya upana wa vidole vitatu hivi. Nikaibonyeza ile nafasi, nikashikilia, kisha nikaburuta kidole taratibu kwenda chini. Kivuli cha buluu kikafuata kidole changu, na ndani ya kivuli kile majina ya vijiji yakaanza kujitokeza, mstari kwa mstari, kila kijiji na kilo zake. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kumbe yapo!"

Yalikuwepo tangu mwanzo. Binti alikuwa ameiandika aya ile kwenye Word, akainakili na kuibandika kwenye barua pepe. Word ikaipeleka pamoja na amri yake: rangi iwe nyeusi. Maneno mengine aliyachapa palepale kwenye barua pepe, hayakuwa na amri ya rangi. Kwenye kioo cheupe cha laptopu hutaona tofauti yoyote. Lakini simu iliyowekwa mandhari nyeusi iliyageuza maneno yasiyo na amri kuwa meupe, na yale yenye amri ikayaacha kama yalivyoagizwa. Yakawa meusi juu ya weusi. Dawa yake ni ndogo: unapobandika, chagua kubandika maandishi matupu bila mapambo yake. Mzee aliichana rasimu ile mbele yangu, akampigia binti simu yeye mwenyewe.

Tangu siku ile jambo moja limekaa moyoni mwangu: wote wawili walikuwa wanasema kweli. Aliyesema ameandika alikuwa ameandika, na aliyesema hajaona hakuwa ameona. Tumezoea kuamini kwamba maneno ya watu wawili yakipingana, lazima mmoja wao anadanganya. Naamini sasa kwamba imani hiyo imevunja urafiki mwingi, na nyumba pia, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia njia iliyoko kati ya watu hao wawili.

Na njia yenyewe ina mashimo mengi. Mkuu anatuma maswali matano, msaidizi wake anajibu kila swali chini yake, palepale ndani ya ujumbe wa awali, kisha juu kabisa anaandika: majibu yangu yako hapo chini. Simu ya mkuu inauona ujumbe wa awali kama kitu cha zamani, inaukunja na kuuficha nyuma ya vinukta vitatu vidogo. Mkuu anaangalia hapo chini na hakuna chini. Gmail nayo ikipokea ujumbe unaozidi kilobaiti 102 huukata, na mwishoni inaweka kiungo cha kufungulia uliobaki. Mwenye haraka hakioni.

Taarifa za mifugo zina balaa lake. Lugha yetu imebahatika, karibu herufi zake zote zinapita popote bila tabu, ila ile alama ya juu kwenye ng'ombe. Word huipinda alama hiyo ipendeze, na programu isiyojua kuisoma inaweka alama ya kuuliza au rundo la vikorokoro mahali pake. Nimewahi kupokea jedwali zima la "ng?ombe", na aliyelipeleka akaambiwa hajui kuandika Kiswahili.

Ipo pia kanuni ya zamani inayonishangaza hadi leo. Mwaka 1982 Jon Postel wa Marekani alipoandika taratibu za mashine kupelekeana barua pepe, ilibidi iwepo alama ya kuijulisha mashine inayopokea kwamba ujumbe umekwisha. Alama hiyo ni nukta moja, peke yake kwenye mstari wake. Programu iliyotengenezwa vizuri, ikikuta mstari wako unaanza na nukta, inaongeza nukta ya pili ili mashine ya mbele isidanganyike. Iliyotengenezwa vibaya inasahau, na nukta ikiwa peke yake kwenye mstari, kila ulichoandika chini yake kinaachwa. Mtu ameweka nukta kutenganisha sehemu mbili za taarifa, nusu ya taarifa haifiki, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna kitu kimebaki nyuma.

Hapo ndipo barua pepe inapotofautiana na karatasi. Kiomboi ni mji uliozoea barua kwa muda mrefu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walikuwa na hospitali hapa na shule ya watoto wao, na habari zao za kwao zilikuja kwa posta. Ofisi zetu nazo zilikuwa na daftari la kupelekea barua, ambalo mpokeaji alisaini kwamba amepokea. Barua ya karatasi ikipotea, inapotea nzima, na kila mtu anajua kuna barua imepotea. Barua pepe inaweza kupotea kiungo kimoja tu na kufika ikiwa na tarehe, jina na salamu zake zote, kama mtu mzima kabisa. Mpokeaji hana sababu ya kushuku chochote isipokuwa wewe.

Kuutafuta upotevu wa namna hii kunahitaji subira zaidi ya elimu. Fundi bomba mzuri maji yasipofika kwako haanzi kwa kumtukana jirani. Anafungua kiungo baada ya kiungo kutoka kwenye tangi, mpaka afike pale ambapo upande mmoja una maji na wa pili hauna. Nami naanza kwenye sanduku la zilizotumwa: je, aya iliondoka ikiwa nzima? Namwomba mwandishi ajitumie mwenyewe. Kisha atume kwenye anwani nyingine. Kisha ujumbe uleule tuufungue kwenye kifaa kingine. Kila hatua nabadilisha kitu kimoja tu. Wengi wanashindwa hapa: wanabadilisha programu, simu na nenosiri kwa mkupuo, tatizo linaondoka, na hakuna anayejua limeondolewa na nini. Wiki ya pili linarudi.

Nimejaribu kuubeba utaratibu huo nyumbani. Mtoto akishindwa mtihani, mzazi anamhamisha shule, anamnyang'anya simu, anamtafutia mwalimu wa ziada na kumkataza kucheza mpira, vyote ndani ya wiki moja. Hajamuuliza hata kama anaona ubaoni. Mume anasema kila siku namjali mke wangu, mke anasema sijawahi kusikia neno hilo. Ukimkalisha kila mmoja peke yake unakuta hakuna muongo. Mume alituma kujali kwake kwa kulipa bili na kutengeneza paa. Huko kwa mke hakukusomeka. Bili hizo zilipaswa kusindikizwa na neno la mdomo, na hakuna aliyewahi kumwambia mume hivyo, kwa sababu wote walikuwa wameshughulika kuthibitisha nani mkosaji.

Sisemi kwamba wazembe hawapo. Wapo, na wapo wanaosema nimetuma ilhali hawajafungua hata kompyuta. Lakini uchunguzi ule ule unaomsafisha mwema ndio unaomkamata mzembe: sanduku la zilizotumwa likiwa tupu, hakuna ubishi tena. Anayeanza kwa kuangalia njia hapotezi chochote. Anayeanza kwa kumhukumu mtu anaweza kumpoteza mtumishi aliyekuwa anaamka alfajiri kuzungukia mashamba ya watu kwa baiskeli, na ambaye baada ya aibu ile ataendelea kuja kazini bila moyo wake.

Ndugu zangu wakuu wa idara, Kiomboi na kwingineko, nawaomba jambo moja. Kabla hamjasaini barua ya kujieleza, mwiteni aliyeandika ujumbe, wekeni simu yenu na laptopu yake juu ya meza moja, mfungue ujumbe uleule kwa pamoja. Ni kazi ya dakika chache. Barua ya kujieleza ikishaingia kwenye jalada la mtumishi, haitoki humo kwa sababu tu maandishi yamepatikana.