Mbona Tunauchekea Umri wa Mwanamke?

Muhula huu kikundi chetu cha usomaji kilisoma riwaya ya Stendhal, Le Rouge et le Noir, iliyotoka Ufaransa mwaka 1830. Kwa mafrateri ina mvuto wake. Julien Sorel, mtoto wa mpasua mbao, anajua Kilatini, anaajiriwa kufundisha watoto wa meya, na baadaye anaingia seminari ya Besançon bila wito hata chembe. Nilitegemea tubishane juu ya hilo. Badala yake tuliishia kwa Madame de Rênal, mke wa meya, anayempenda Julien. Mama ana miaka kama thelathini; kijana hajafika ishirini. "Shugamami huyo," alisema mmoja, chumba kizima kikacheka, na mjadala ukafa hapo.

Naona kicheko kile kilituzuia kusoma. Mama yule ni mke wa mtu, na uzinzi ni dhambi. Mwandishi mwenyewe anamwonyesha akiteswa na dhamiri mtoto wake anapougua. Lakini hakuna aliyesema "mzinzi". Kilichochekwa ni miaka. Halafu, nani alianza? Ni Julien anayejiwekea sharti la kuushika mkono wa mama usiku bustanini, kama askari aliyepewa amri, ili ajithibitishie kwamba si mnyonge mbele ya matajiri. Mama anapenda, kijana, mwanzoni, anapigana vita vyake. Tena mume wa mama huyo anakaribia hamsini. Pengo kati ya mume na mke ni kubwa kuliko lile la mke na Julien, na hakuna kati yetu aliyeliona.

Frateri mwenzangu alinijibu kwamba hata wanaume husemwa, akataja Fataki. Hoja nzuri. Tulikuwa watoto redio ilipotuletea Fataki, mtu mzima anayerubuni wanafunzi, hadi jina lake likawa neno la mtaani. Lakini Fataki alilaumiwa kwa kosa linalotajika: anatumia fedha kumharibia binti masomo na maisha. Hakuchekwa kwa sababu ya mvi. Mwanamke akimfanyia kijana vivyo hivyo, naye alaumiwe kwa kosa hilohilo. Mke wa Potifa katika Mwanzo 39 anamwandama mtumwa wa nyumbani kwake, kisha anamsingizia. Ubaya wake umo katika uwezo alio nao juu ya Yosefu. Umri wake Biblia haiutaji kabisa.

Waliokuja baadaye walikiongezea kisa hicho mengi. Jami, mshairi wa Uajemi wa karne ya 15, anamwita Zulaikha na kumpa mapenzi ya kweli na toba. Anazeeka, anapofuka, anamwamini Mungu. Ndipo Yusufu anamwombea, anarudishiwa macho pamoja na ujana, na wanaoana. Nimekipenda kisa, ila hapo ndipo kinaponiudhi: hata mtunzi aliyetaka kumbariki hakuweza kumwozesha akiwa na makunyanzi yake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kutofautisha tendo lenyewe, nia yake na mazingira yake. Umri ni mazingira. Unaweza kuzidisha kosa, na ikiwa mmoja ni mtoto, hapo hakuna cha kujadili. Lakini kati ya watu wazima walio huru, miaka peke yake haiumbi kosa.

Na haya hayaishii vitabuni. Mama yangu mdogo, mjane kwa miaka sita sasa, alinipigia simu mwezi uliopita. "Mwanangu Frateri, hebu niambie, Kanisa linakataza?" Mchumba wake ni mdogo kwake kwa miaka tisa, na hajawahi kuoa. Nilimsomea Kanuni ya 1083: mwanamume awe ametimiza miaka 16, mwanamke 14. Kuhusu nani amzidi nani, hakuna neno. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anayemwogopa si paroko. Ni wanajumuiya wenzake, ambao wameshampachika jina la mama mmoja wa kwenye tamthilia ya televisheni na humwita hivyo hata baada ya sala.

Hata hivyo wamekwenda kujiandikisha. Tangazo la kwanza lilisomwa Jumapili iliyopita, yamebaki mawili.