Daftari la Mnyapara
Tarehe 10 Mei 1869, huko Promontory, Utah, msumari wa dhahabu uliunganisha reli ya Union Pacific na ya Central Pacific. Union Pacific, ambayo leo ni kampuni kubwa ya mizigo na mrithi wa njia zote mbili, iliadhimisha miaka 150 ya siku hiyo mwaka 2019 kwa kuirudisha njiani injini ya mvuke nambari 4014, iliyoundwa mwaka 1941. Chuma kina nambari na tarehe. Lakini maelfu ya vibarua wa Kichina walioipasulia Central Pacific miamba ya Sierra Nevada kwa baruti, mara nyingi daftari za mishahara ziliandika jina la mnyapara wao tu. Injini hukarabatiwa, jina lisiloandikwa, vitukuu watalisoma wapi?