Gari Lisilosukumika

Mulongo, 9 Machi

Mwanangu,

Mama yako mdogo amepona mguu, mihogo imeota, na mto umepanda mpaka kwenye miembe kama ilivyo desturi yake. Sisi wengine tupo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni habari aliyoniletea yule mama anayepeleka samaki Lubumbashi. Alinipa hongera njiani akidhani ninajua: mwanangu ananunua Prius ya mwaka 2010, lile gari linaloondoka kimya kama paka, halimalizi esanse. Dalali amelivusha mpakani Kasumbalesa. Na pesa, eti, ni ile ya kiwanja cha marehemu baba yako. Ni kweli? Umeshatoa avansi? Kama hujatoa, soma kwanza mpaka mwisho. Kama umeshatoa, soma hivyo hivyo.

Wala usiseme mzee wa kando ya mto hajui mashine. Nimekuwa fundi umeme kwenye depo ya treni Kamina miaka 22, chini ya waya wa volti 25,000, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Kichwa cha treni cha dizeli nilikuwa ninajua ugonjwa wake kwa kukisikia tu kikiingia. Na hicho mnachokiita haibridi hakikunishangaza: dizeli yetu haikuzungusha magurudumu, ilizungusha jenereta, jenereta ikalisha mota, mota zikavuta mabehewa. Wajapani walipoanza kuuza Prius mwaka 1997 waliweka betri katikati, na wakaruhusu injini nayo isaidie kuvuta. Kazi nzuri, sikatai. Mjini, kwenye kusimama na kuondoka, kila ukikanyaga breki gari linarudisha umeme kwenye betri. Waliolitengeneza hawakukosea. Shida ni kwamba limezeeka, na wanaolijua wako mbali na wewe.

Unamkumbuka shemeji yangu wa Luena. Mwaka 2019 alinunua la kwake, la mwaka 2006, nami nilikuwa ndani siku alipolipeleka nyumbani. Likasi tulikwisha kuiacha nyuma. Kiti cha nyuma alikuwa amepanga magunia mawili ya unga na mablanketi juu yake, akijisifu jinsi gari dogo linavyobeba. Mara nikasikia nyuma kitu kinavuma, mfano wa kinu cha kusaga kilicho mtaa wa pili. Nikamwambia, shemeji, simama. Akasema ni upepo. Haikupita nusu saa, pembetatu nyekundu ikawaka mbele ya usukani, gari likalegea, likazimika.

Walikuja vijana watatu kutusukuma. Walisukuma mpaka juu ya mwinuko, wakaliachia literemke, wakisubiri lishike kama gari lolote linavyoshika. Likafika bondeni kimya kimya. Wakalirudisha. Mimi nilikuwa ninajua, nikawaambia: gari hili halina stata kama ya Corolla. Inayowasha injini ni mota yake kubwa, na mota hiyo inakula betri kubwa. Betri kubwa ikifa, hata mkiwa watu 40 mtasukuma mpaka Pasaka. Hawakuniamini, ila hela ya kusukuma walichukua. Tulilala hapo, kesho yake lori likalibeba kulirudisha Likasi.

Fundi wa huko alifungua pembeni mwa kiti cha nyuma akachomoa feni ya kupoza betri. Laiti ungeiona. Vumbi, unga na magamba ya samaki wa aliyelimiliki kabla yake vilikuwa vimeshikana kama kipande cha blanketi. Betri ilikosa hewa, ikajipika. Ndani ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2; vitatu vilikuwa vimevimba. Akatia vitatu vya kuokoteza, dola 180. Wiki ya tano vikafa vingine viwili, dola 150. Betri hiyo ni kama meno ya mzee: ukiziba moja, jirani yake anaanza kutikisika. Ukijumlisha lori, mafundi na siku alizokaa bila kazi, shemeji alitoa dola 1,100 na betri hakuwa nayo. Betri nzima walimtajia dola 1,900, kabla ya usafiri. Leo magurudumu mawili ya gari lile yanabeba pusipusi ya maji pale Luena.

Sasa la kwako ni la mwaka 2010, na hilo lina ugonjwa wake mwingine. Injini ya 1.8 ina njia inayorudisha moshi ndani, njia hiyo inaziba kwa masizi, na mwisho wake gasketi ya kichwa inaungua. Nenda kwa dalali alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, usikubali kulikuta limeshawashwa. Likiwaka likatetemeka kama mwenye malaria, au maji yanapungua na hayaonekani yanakovujia, geuka urudi. Sikiliza pampu ya breki: ikilia kila baada ya sekunde chache wakati gari limesimama, inakufa, na mpya bei yake inapita dola elfu. Kuna pia pampu ndogo ya kupoza inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota. Yenyewe ni rahisi, inverta ikiungua si rahisi.

Na nyaya za rangi ya machungwa usimruhusu fundi yeyote azishike kabla hajachomoa plagi ya usalama ya betri na kusubiri dakika kumi. Zina volti zaidi ya 200. Nilizika mwenzangu mmoja wa depo, sitaki kuzika mtoto.

Kiwanja kile nakirudia, mwanangu. Baba yako alikuwa ndugu yangu na simsengenyi, lakini ile injini ya mtumbwi tuliyonunua wote wawili aliiuza bila kuniuliza, akanunua redio na pikipiki iliyodumu msimu mmoja. Nilisema sitalitaja tena. Limetoka lenyewe, kwa sababu naona pesa ya kiwanja inafuata njia ile ile.

Ukaidi wako ninaujua, kwa hiyo ukishindwa kuliacha, mwulize dalali: fundi mwenye mashine ya kusoma betri yuko wapi? Gari hilo linapima betri yake kwa jozi 14 za vipande. Jozi moja ikiwa chini ya wenzake, betri imeanza safari. Dalali akikataa isipimwe, amekwisha kukujibu. Halafu uwe na dola 2,000 za betri pembeni, zisiguswe. Kama huna, basi bei ya gari hilo hujaimudu, hata kama umelilipa lote. Corolla kuukuu inakunywa esanse, ndiyo, lakini kutoka Sakania mpaka hapa kila mwenye spana anaijua.

Karti rozi, ile hati ya gari, iandikwe jina lako, si la dalali. Usukani ukiwa kulia, usipite malori njia ya Likasi. Esanse ya bidoni ya Kadafi, wale wauzaji wa kando ya barabara, usiitie. Usidhani utakuja nalo Mulongo kuchukua samaki: tumbo lake liko sentimita 14 kutoka chini, na mifereji ya barabara yetu unaijua. Ada ya mdogo wako bado hujatuma. Yule binti wa Kamina anaulizia, mjibu.

Nimempa barua hii mama yule yule wa samaki. Anaondoka Lubumbashi Ijumaa. Usimpe maneno matamu anibebee. Mpe jibu kwa maandishi, na uandike avansi ni kiasi gani.

Ni mimi baba yako mkubwa.