Baada ya Nukta ya Mwisho

Rasimu ya kwanza ikiisha, nyumba inabaki vilevile. Nilikuwa nimejiandaa kwa shangwe kidogo, au angalau usingizi mzito, lakini baada ya kuweka nukta ya mwisho nilisikia tu friji ikinguruma na watoto wa jirani wakigombania bomba. Nikajitumia faili kwa barua pepe, maana umeme wetu hauaminiki, kisha nikakaa. Sikuwa na furaha wala huzuni. Labda nilikuwa nimezoea mno kuhangaika, na sasa mikono ilikuwa haijui pa kutulia.

Naishi Morogoro, upande wa mji unaoegemea Milima ya Uluguru. Nilipotoka sikwenda mbali. Nyuma ya mtaa kuna kijia kinachofuata kijito, ndicho wanachopita akina mama wanaoshuka na mikungu ya ndizi kwenda sokoni. Nimekipita kwa miaka, ila kwa namna ambayo sasa inanipa mashaka: nilikuwa natafuta vitu vya kutia kitabuni. Ukungu ukiziba mashamba ya mteremkoni, tayari naupangia aya. Mama mmoja akinitania, nayakariri maneno yake njia nzima nisije nikayasahau. Sisemi ni vibaya. Mwandishi asiyeokota vya njiani ataandika nini? Lakini siku ile sikuwa na pa kuvitia, na nikaona kwamba kutazama tu, bila kuchukua, ni jambo nisilolizoea.

Penye minazi kando ya kijito wameweka makazi minana, wale ndege wa manjano wenye kelele. Nilikaa juu ya jiwe nikawatazama. Dume huja na uzi wa ukuti mbichi mdomoni, akaupenyeza, akauvuta, akaupenyeza tena upande wa pili, miguu imeng'ang'ania kitanzi alichoanzia. Akimaliza hujining'iniza chini ya kiota, kichwa chini, akipigapiga mabawa na kulia ili majike waje kukagua. Jike huingia, akavutavuta nyuzi, na mara nyingi akatoka akaenda zake. Kiota kikikaa bila kupata mwenyewe mpaka ukijani ukageuka kahawia, dume hukifumua na kuanza kingine palepale.

Najua mwandishi angelifanyia nini jambo hilo, na mimi nilikaribia kulifanya. Rasimu, kufumua, kuanza upya: funzo liko tayari, ni kulichuma tu. Lakini kadiri nilivyomtazama yule ndege ndivyo nilivyoona hanihusu. Hana habari na sura zangu zilizolegea. Yeye hufumua kwa sababu nyuzi zimekauka na majike wanataka mbichi. Mimi nitafumua kwa mashaka, na mashaka hayana rangi ya kuonekana kwa nje. Pengine tunavilazimisha vitu vya karibu vitufundishe kwa sababu tunaona aibu kustarehe navyo hivihivi.

Hata mlima wenyewe tunausifu kwa manufaa yake. Maji yake huingia Mto Ruvu yakafika mabombani Dar es Salaam. Ndizi na mboga zake ndizo zinazojaza masoko yetu. Tunahimizwa kuuhifadhi kwa ajili hiyo, na ni haki. Lakini huko juu msituni kuna aina ya ndege isiyopatikana kwingine popote duniani, na wengi wetu tunaoishi hapa chini hatujawahi kumwona. Sijui anatufaa nini. Nafurahi tu kwamba yupo.

Siku hizi nakwenda kijitoni jioni bila daftari. Sifaulu kila mara. Juzi nilijikuta naandika sentensi kwenye simu kabla sijafika nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa sentensi nzuri, sikuifuta. Rasimu nimeshaichapa, iko mezani, haijaguswa. Dada yangu ameiomba aisome. Naye si mtu wa kuficha anachofikiri. Kitabu kikimchosha hukifunikia mtungi. Nimemwambia asubiri kidogo. Ananiuliza nasubiri nini, na mpaka sasa sijapata jibu la kumridhisha.