Miezi Minne Nje ya Makundi ya WhatsApp



 Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, wengi mmeniuliza kwa nini nilitoweka katika makundi ya WhatsApp baada ya kuvunjika mguu, na wapo waliodhani nimewakasirikia. Nimeona niwajibu nyote kwa pamoja.

Mwishoni mwa Shaaban 1445, yaani mwanzoni mwa Machi 2024, nilipanda pikipiki kurudi Nyamirambo baada ya darasa la Alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnaijua miteremko ya Kigali ikilowa. Pikipiki iliteleza, gari dogo likatugonga, nami nikavunjika mfupa wa paja, ambao ndio mrefu kuliko mifupa yote mwilini. Kofia ngumu ilinusuru kichwa changu kwa idhini ya Allah. Dereva wa pikipiki alichubuka tu, alhamdulillah.

Kabla ya gari la wagonjwa kufika watu walishajaa. Wawili walinishika, mmoja akavua koti lake akanifunika, Allah amlipe kheri. Wengine walikuwa wamenyoosha simu. Sikumwona aliyepiga picha wala sitafuti kumjua. Lakini picha ile, nguo imechanika, damu, stara imeondoka, ilifika nyumbani kabla ya habari yenyewe. Binti yangu wa miaka 11 aliiona kwenye simu ya mama yake, katika kundi la wazazi wa madrasa, chini yake pameandikwa kwamba ustadh amefariki. Mama yangu mzazi, aliyeko Rwamagana, alioneshwa na jirani. Ana shinikizo la damu, akalazwa siku mbili. Mimi wakati huo nilikuwa hai, namtajia muuguzi jina langu, na nyumbani kwangu watu wanasema innaa lillaahi.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat tunawasomesha watoto: habari ichunguzwe kabla ya kufuatwa. Aya inamtaja fasiki kuwa ndiye mleta habari. Tatizo letu ni kwamba aliyeleta ile picha hakuwa fasiki. Alikuwa shangazi ya mtu, alikuwa mzazi anayelipa ada kwa wakati, na aliituma kwa huruma, pamoja na dua. Nani atamchunguza mtu kama huyo? WhatsApp yenyewe mwaka 2019 iliweka kikomo cha kupeleka ujumbe kwa mazungumzo 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukawa unapelekwa kwa mazungumzo 1 tu. Haikuzuia kitu kwetu, maana kundi moja linatosha mtaa mzima.

Nilifanyiwa operesheni, nikawekewa fimbo ya chuma ndani ya mfupa, nikaambiwa nisiukanyagie mguu mpaka niruhusiwe. Siku ya nne nilishika simu. Wapo walionitumia mimi mwenyewe ile picha, wakiniuliza kama ni kweli. Nikamwomba mama watoto aitoe ile programu, nikabaki na simu ndogo ya tochi. Hasira ilikuwepo, sitaficha, lakini zaidi nilitaka kulala. Maumivu ya mfupa huzidi usiku, na kila simu ilipowaka nilirudi tena barabarani.

Ramadhani ikaingia nami sifungi, nahesabu siku za kulipa. Hadithi ya Imran bin Huswain, iliyomo katika Sahih al-Bukhari, inayomruhusu mgonjwa kuswali ameketi, na akishindwa aswali kwa ubavu, nimeisomesha karibu miaka 20 kwa watoto wenye miguu mizima. Sasa shemeji zangu walikigeuza kitanda ili nielekee Makka, ambayo kwa sisi wa Kigali iko kaskazini ikivuta kidogo mashariki. Mlango wa chumba ukawa haufunguki vizuri. Tuliishi hivyo hadi baada ya Idi.

Kwa kuwa sikujibu tena jumbe za sauti, watu walianza kuja. Vijana watatu wa darasa la juu walikuja kila baada ya Magharibi kunisomea, na mmoja ambaye darasani hata sauti yake siijui alinisomea Yasin yote bila kukwama. Baba mmoja, ambaye kundini alikuwa hachoki kuandika, alipofika aliketi nusu saa bila neno, kisha akamchukua mwanangu mdogo wakaenda kununua maziwa. Nilifurahi sana siku ile.

Ila asiniambie mtu kwamba kujitenga hakuna gharama. Mwezi wa Shawwal alifariki mzee niliyeswali naye Alfajiri safu moja kwa miaka mingi. Tangazo lilipita kundini, kila mtu akadhani nimeliona. Nilijua baada ya siku tisa. Jeneza nisingeweza kulifuata, lakini ningemtuma mwanangu kwa wafiwa siku ileile. Na sehemu kubwa ya mchango wa operesheni yangu ilikusanywa katika makundi yaleyale, kwa siku mbili tu. Kwa hiyo masheikh wanaosema simu yote ni fitna, mimi siko nao.

Mwezi wa Muharram 1446 nilirudi, kwa makundi mawili: la mazishi na la wazazi. Katika la wazazi tumekubaliana kwamba picha ya majeruhi au maiti haiwekwi, na mwenye habari ya ajali apige simu kwanza kwa watu wa nyumba hiyo. Mzazi mmoja aliona tunambana, akajitoa. Tumemwacha na uhuru wake, na mtoto wake bado anasoma kwetu.

Mama amepata nafuu. Mimi natembea kwa gongo moja nikipanda mlima. Binti yangu, nikichelewa kidogo baada ya darasa, hunipigia. Akiisikia sauti yangu tu hukata, hasemi neno.